Mfupa Uliobaki

Kilichomkera Inspekta katika banda lile hakikuwa damu. Damu ilikwisha kuoshwa, tena kwa mpira wa maji na dawa, sakafu ikaachwa inameremeta kama inasubiri wakwe. Kilichomkera kilikuwa ndoo ya karoti.

Ilikuwa ndoo ndogo ya plastiki, imewekwa chini ya ukuta, nje ya vyuma vya banda. Karoti zilizomo zilikuwa zimekatwa vipande vya urefu wa kidole na zilishaanza kunyauka. Waosha banda waliikwepa tu, kwa kuwa haikuwa imechafuka.

“Koplo,” alisema Inspekta, mama mnene wa miaka hamsini na minne aliyetembea polepole na kuwachosha watu kwa maswali. “Mbuzi wako kanasa mguu langoni, analia. Unakimbia kumnasua. Njiani unapitia jikoni kukata karoti?”

“Mimi sina mbuzi, Afande.”

“Ndiyo maana hupandi cheo.”

Koplo alicheka kidogo kwa adabu, akaandika kwenye daftari lake: karoti.

Marehemu alikuwa mtunza wanyama wa bustani ile kwa miaka ishirini na saba. Kila mtu alimwita Mzee Filimbi kwa sababu ya filimbi ya chuma aliyoivaa shingoni, na waliolijua jina lake halisi ilibidi wakune kichwa kwanza. Juzi asubuhi alikutwa amekufa ndani ya banda la pundamilia, upande mmoja wa kichwa umebonyea kwa kwato. Maelezo yaliyofika kituoni yalikuwa mafupi na yanamezeka kirahisi. Pundamilia dume alinasa mguu wa mbele kwenye reli ya lango, ukavunjika. Mzee akaingia kumnasua, mnyama kwa kiwewe akamrushia teke. Aliyemkuta ni binti yake wa pekee, mmoja wa madaktari wanafunzi wa bustani hiyo hiyo, na aliita msaada kwa redio ya mkononi saa moja kasoro dakika nane.

Saa nne asubuhi ile ile, binti huyo alivaa glavu, akampasua pundamilia aliyemuua baba yake, akauunga mguu kwa bamba la chuma na skrubu tisa.

Bustani nzima ilikuwa ikimsifu. Moyo wa chuma, walisema, angekuwa mwingine angezimia. Inspekta alikuwa na watoto watatu wa kuzaa, na sifa ile ilimkaa kooni.

Daktari Mkuu wa bustani alifika akifuta miwani kwa ncha ya koti lake jeupe.

“Nani aliamuru banda lioshwe?” Inspekta alimuuliza hata kabla ya salamu.

“Mimi.”

“Polisi hawajafika.”

“Wageni walikuwa njiani, Inspekta. Profesa mwenyewe. Ulitaka nimpitishe mtu aliyesafiri saa kumi na nne katikati ya damu?”

“Maiti ilikuwa imeshaondoka?”

Daktari Mkuu alirudisha miwani usoni. “Ilikuwa inaondoka.”

“Na wewe saa kumi na mbili ulikuwa wapi?”

“Uwanja wa ndege, nampokea.”

Koplo alitikisa kichwa kukubali. Alikwisha kuitazama kamera ya uwanja: tangu saa kumi na moja na nusu Daktari Mkuu alionekana pale amesimama na bango la jina kifuani kama dereva wa hoteli. Inspekta alisikitika kidogo. Mtu anayeosha banda kabla maiti haijatoka ni mtu ambaye ungependa sana awe na hatia.

“Haya. Nieleze hicho kitabu cha kesi ninachokisikia tangu juzi. Nieleze kama unamweleza shangazi yako.”

Daktari Mkuu alieleza. Bustani ilikuwa na mkataba wa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha ng’ambo. Chuo kilimleta Profesa mara mbili kwa mwaka, na bustani ikatoa wanyama na madaktari wanne wa kufundishwa, kwa miaka minne, hadi wawe mabingwa wa tiba ya wanyamapori. Kila mmoja alikuwa na kitabu chenye mistari thelathini na sita. Kila mstari ulikuwa ugonjwa fulani au jeraha fulani, kwa mnyama wa aina fulani, ambalo ni lazima ulitibu kwa mikono yako mwenyewe, Profesa akaona, akasaini. Saini thelathini na sita, umekuwa bingwa, na kazi inakungoja huko chuoni kwao.

“Binti wa Mzee Filimbi alikuwa na saini ngapi?”

“Thelathini na tano, na zimekwama hapo kwa miezi minane. Alibakiza mfupa tu. Kuvunjika mfupa wa mguu, mnyama mkubwa mwenye kwato. Sasa huo umepatikana. Profesa anafunga vitabu leo saa kumi, jioni anaruka.”

“Na usingepatikana?”

“Miaka minne imekwisha. Angepewa cheti cha kuhudhuria.” Alikitaja cheti hicho kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. “Na ile kazi angepewa mwingine.”

“Bahati yake.”

“Inspekta! Mtu kafiwa na baba.”

“Najua. Nimetafuta neno jingine, sijaliona.”

Alinyamaza, akaendelea kuiangalia ndoo. Ukimya wa Inspekta ulikuwa na tabia ya kuwafanya watu waropoke, na Daktari Mkuu hakuwa mtu wa kuuvumilia.

“Chuo kililalamika mwaka juzi,” alisema. “Walisema wanyama wetu ni wazima mno, madaktari hawajifunzi kitu. Mkataba ulikuwa unakufa kwa sababu twiga hataki kuugua! Lakini baadaye hali ikawa nzuri.”

“Nzuri vipi?”

“Tai akavunjika bawa. Swala akapasuka paja. Nyani akaungua mkono kwenye taa ya joto.”

“Hali ikawa nzuri,” Inspekta alirudia. “Nani aliwakuta hao?”

Daktari Mkuu alianza kuhesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha tatu mkono wake ulibaki hewani.

“Mzee Filimbi.”

“Wote?”

“Alikuwa mtu wa kuamka mapema. Alizungukia mabanda yote.”

“Na kesi hizo alizitibu nani?”

“Aliyekuwa zamu.”

“Zamu ilikuwa ya nani?”

Daktari Mkuu alivua miwani tena, ingawa haikuwa na vumbi. Koplo aliandika bila kungoja jibu.

Inspekta alitoa filimbi kutoka katika mfuko wa vielelezo, akaifuta kwa kitambaa. “Na hii ilikuwa ya kazi gani?”

“Aaa, hiyo ni kazi nzuri sana,” alisema Daktari Mkuu, akifurahi kuhama mada. “Chuo ndicho kilichotufundisha. Zamani ukitaka kumchunguza pundamilia ni mbio, kelele, sindano ya kumlaza. Sasa unamzoesha. Mzee akipuliza, mnyama anakuja pale ukutani, anatoa mguu wa mbele kwenye ule upenyo, anauweka mwenyewe juu ya kigogo. Unakagua kwato, unapiga eksirei, unampa karoti yake. Miaka mitatu hajawahi kukataa.”

Kigogo kilikuwa kipande cha mti mgumu kilichotandikwa mpira juu. Inspekta aliinama kwa taabu, magoti yakalia. Katikati ya mpira kulikuwa na mchubuko mpya ulionyooka, upana wa vidole viwili.

Alisimama, akapuliza filimbi.

Kule ndani pundamilia aliinua kichwa. Mguu wake wa kushoto wa mbele ulikuwa umevikwa plasta nyeupe hadi juu ya goti. Alianza kuja, akichechemea, kwa utii ambao Koplo alishindwa kuutazama akajifanya anatafuta kalamu. Alipobakiza hatua tatu alikiona kigogo. Alisimama. Ngozi ya mabega ikamtetemeka, akageuka taratibu kwa miguu yake mitatu mizima, akawaonyesha makalio.

“Hajawahi kukataa,” alisema Inspekta.

“Labda ni maumivu,” alisema Daktari Mkuu.

“Ndiyo. Ni maumivu.”

Stoo ya vifaa ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Mitaimbo mitatu ya kuinulia malango yaliyokwama ilitundikwa ukutani. Miwili ilikuwa na tope la wiki nzima. Wa tatu ulikuwa msafi, ila karibu na ncha ulibaki na utando wa kahawia uliokauka. Koplo aliunusa, akamkabidhi Daktari Mkuu naye anuse.

“Waosha banda wanatumia dawa hii?” aliuliza Inspekta.

“Hapana. Hii ni ya chumba cha upasuaji. Tunasugulia mikono.” Kisha akaelewa alichosema, akatazama mlangoni kama mtu aliyekumbuka kikao. “Inspekta, hawa watu wa chuo… hili jambo lazima walisikie leo?”

“Utawaosha nao?” aliuliza Inspekta, akatoka.

Zahanati ya bustani ilikuwa jengo refu lenye harufu ya spiriti na mavi ya ndege. Kwenye kizimba cha kwanza mtoto wa nyani alikaa akitafuna pindo la bandeji yake. Juu ya bandeji palikuwa na utepe mweupe wenye namba nne na herufi mbili za kalamu ya wino mzito. Kizimba cha pili, bundi, utepe na namba. Hata chupa ya maji ya mshipa iliyoning’inia juu ya fisi aliyelala ilikuwa na utepe na namba.

Profesa alikuwa peke yake katika chumba cha picha. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi aliyejifunza Kiswahili kwa miaka kumi na moja ya kuja na kwenda, na alikisema taratibu bila kukosea.

“Namba hizi ni za nini?” aliuliza Inspekta.

“Saa aliyofungwa, na herufi za jina la aliyefunga. Bandeji isiyo na saa ni takataka, mama. Mnyama hawezi kukuambia imembana tangu lini. Wanafunzi wangu wanaandika saa kabla hata hawajabana fundo la mwisho. Waamshe usingizini, wataandika.”

“Wote?”

“Binti wa marehemu kuliko wote.”

“Profesa, nisaidie kitu kimoja. Mguu ukinasa kwenye reli, mnyama anavuta, anajinyonga. Mfupa unavunjika vipi?”

Profesa alipenda kuulizwa. Alichukua chaki mbili ubaoni. Ya kwanza aliishika ncha zote mbili, akaipindua kama anayekamua nguo. Ilikatika kwa mshazari mrefu, kingo zikiwa zimechongoka. “Hivi.” Ya pili aliilaza ukingoni mwa meza, akaipiga kwa rula ya chuma. Ilikatika imenyooka, pa. “Na hivi ni kama umepigwa.”

“Nionyeshe wa pundamilia.”

Profesa aliwasha kioo cha picha, akapachika eksirei ya juzi. Picha ile alikwisha kuitazama mara ishirini kwa ajili ya skrubu. Sasa aliitazama kwa ajili ya mfupa. Ulikuwa umekatika umenyooka, pa, kama chaki ya pili. Alivuta kiti akakaa.

“Sikuulizwa ulivunjikaje,” alisema hatimaye. “Niliulizwa utaungwaje.”

“Ndiyo shida ya mkataba wenu,” alisema Inspekta. “Naomba kitabu chake.”

Profesa alikitoa kwenye mkoba wake, akakikabidhi kwa mikono miwili. “Upasuaji ule ni safi, mama. Hilo halibadiliki.”

Inspekta alifungua kesi ya thelathini na sita. Zilikuwa picha sita zilizobandikwa kwa mpangilio, na chini ya kila moja maelezo kwa mwandiko wa kupendeza. Alizipitia zote, kisha akairudia ya kwanza, ile ya mguu ulivyofika chumba cha upasuaji, akaishika karibu na dirisha kwa muda mrefu. Baada ya hapo akatazama ukurasa wa saini, ambao ndio uliokuwa wa mwisho. Alikikunja kitabu nyuma-mbele ili picha ionekane upande mmoja na saini upande mwingine, akakitia katika mfuko wa plastiki angavu, akamfanya Profesa aandike jina lake kwenye fomu ya makabidhiano.

“Usiseme naye chochote mpaka nikuite,” alimwambia. “Hata lile jambo zuri.”

Nje, Koplo alikuwa akimalizia kuzungumza na daktari wa maiti kwa simu.

“Damu ilivuja polepole ndani ya fuvu, Afande. Hakufa palepale. Anasema nusu saa, pengine dakika arobaini.”

“Na angewahishwa?”

“Hospitali kubwa ni dakika kumi kutoka hapa. Anasema wanafungua vichwa vya namna hiyo kila wiki. Waendesha pikipiki.”

Inspekta alinunua maji kwenye kibanda cha wageni, akanywa chupa nzima akiwa amesimama, akaomba aitwe binti.

Chumba cha madaktari wanafunzi kilikuwa na meza moja, vikombe vinne vyenye majina, na saa kubwa ya ukutani iliyosema tisa na nusu. Binti aliingia na nguo zake za kijani za upasuaji. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwembamba, kucha zimekatwa hadi nyamani, na macho makavu kabisa. Alikaa wima.

“Pole na msiba, mwanangu.”

“Ahsante, mama.”

“Hebu rudia tena, nimezeeka nasahau. Bandani ulifika saa ngapi?”

“Saa moja kasoro dakika nane. Nikamkuta Baba ameshakata roho. Nikaita kwa redio palepale.”

“Na mnyama?”

“Amesimama, mguu unaning’inia. Watu walipokuja, Baba alipochukuliwa, ndipo nikamfunga banzi na bandeji ili mguu usizidi kuharibika.”

“Saa moja na ngapi hiyo?”

“Na robo hivi.”

Inspekta aliweka vitu mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga bidhaa: filimbi, kipande cha karoti, picha ya mtaimbo. Binti alivitazama vyote bila kupepesa. Mwisho Inspekta akaweka mfuko wa plastiki, upande wa picha ukiwa juu.

“Nisomee huo utepe hapo kwenye bandeji. Macho yangu siku hizi yana ukungu.”

Binti aliinama. Midomo yake ilisoma kwanza, kisha uso ukabaki vile vile ulivyokuwa, ila shingoni mshipa ukaanza kupiga.

“Kwa sauti. Koplo anaandika.”

“Sifuri sita, kumi na nne.”

“Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Na herufi ni za nani?”

“Zangu.”

“Na redio uliita saa moja kasoro dakika nane. Koplo, hesabu zako zikoje?”

“Thelathini na nane, Afande.”

“Dakika thelathini na nane. Bandeji ikaondolewa saa nne, ikatupwa, wewe mwenyewe umeshasahau. Lakini picha ulipiga, maana kitabu kinataka picha. Na saa uliandika, maana mkono wako haujui kutoandika.”

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, na wote watatu walilisikiliza mpaka likapotea.

“Sikumwomba,” alisema. “Hamtaniamini, lakini sikuwahi kumwomba hata siku moja. Nilisema tu mezani. Nilisema nimebakiza bawa. Nilisema nimebakiza kuungua. Yeye anakula, hasemi kitu. Siku mbili tatu, naitwa kazini.”

“Na safari hii?”

“Nilisema nimebakiza mfupa, na Profesa anakuja Jumatano.”

“Ukajua atakachofanya.”

“Nilijizoesha kutojua.”

“Pundamilia yule, mzee alimpenda?”

“Alimlea kwa chupa.” Alisema hivyo kama anayejibu swali la mtihani. “Mama yake alikufa yeye akiwa na siku nne. Baba alikuwa analala naye bandani, mimi nyumbani peke yangu.”

Koplo alikohoa. Inspekta aliacha kikohozi kipite.

“Ulimkuta baba yako hai.”

“Ameketi, ameegemea ukuta. Anaongea. Aliniambia alipompiga, yule mnyama alilia, yeye Baba akashindwa kuvumilia, akaingia ndani kumbembeleza. Akampitia kwa nyuma. Miaka ishirini na saba, akampitia kwa nyuma!” Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na ilikuwa na hasira, siyo huzuni. “Akaniambia, ‘Mfunge mguu kwanza. Mfupa ukichomoza nje hautaungika, itakuwa nimefanya bure.’”

“Ukamtii.”

“Alikuwa anaongea, mama! Mtu anaongea!”

“Swala akiangukia kichwa, daktari, unatazama nini kwanza?”

Binti alitazama kucha zake.

“Mimi ni polisi tu, nifundishe.”

“Mboni za macho.”

“Za baba yako ulizitazama?”

Mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani ulisogea ukasikika.

“Moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine.”

“Maana yake?”

“Damu inakandamiza ubongo.”

“Ulizitazama kabla ya bandeji, au baada?”

“Kabla.”

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimgonga kiwiko, akaendelea.

“Redio ilikuwa kiunoni kwako,” alisema Inspekta.

“Ningeita, mngekuja na kamba zenu za njano. Lango lingefungwa. Nani angeniruhusu kumpasua? Mguu wa namna ile una saa chache tu za kufaa, na Profesa alikuwa ameshatua.” Alizungumza haraka sasa, kama daktari anayetetea uamuzi wake mbele ya wakubwa. “Nilifunga haraka sana, sijawahi kufunga haraka vile. Halafu nikaenda kuuosha mtaimbo, maana ungeonekana kesi ingefutwa. Niliporudi Baba alikuwa anakoroma.”

“Akakoroma mpaka saa ngapi?”

“Sikutazama saa.”

“Hapo tu ndipo hukutazama.”

Inspekta alijisikia vibaya kwa kulisema hilo, na hakulirudisha. Alimsomea haki zake na makosa yake kwa sauti ile ile anayowasomea wezi wa nyaya: kwamba anakamatwa kwa kumwacha mtu afe akiwa na uwezo wa kumsaidia, kwa kuharibu ushahidi, na kwa maelezo ya uongo, na kwamba mengine yatatazamwa na wenye kazi hiyo. Binti alisikiliza huku akitazama juu ya kichwa cha Inspekta. Alikuwa akitazama saa. Ilikuwa kumi kasoro dakika tano.

“Naomba dakika kumi tu, mama.”

“Za nini?”

“Profesa anasaini saa kumi.”

Koplo aliweka kalamu chini, akamtazama bosi wake. Inspekta aliuvuta ule mfuko wa plastiki na kuugeuza upande wa pili.

“Alikwisha kusaini,” alisema. “Jana jioni, alipomwona mnyama amesimama. Alitaka kukushangaza mbele ya wenzako.”

Binti alivuta kiti karibu. Aliweka kidole juu ya plastiki, kwenye mstari wa kwanza, akaanza kushuka nacho, saini moja baada ya nyingine, bawa, paja, kuungua, hadi chini kabisa ambapo wino ulikuwa bado mpya.

“Zote?”

“Zote thelathini na sita.”

“Kwa hiyo nimemaliza.”

“Umemaliza, mwanangu.”

Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu baba yake afe, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa. Koplo alitoa kitambaa mfukoni. Inspekta alimshika mkono, akamzuia. Alitazama saa ya ukutani, akaivuta karatasi ya maelezo, akaandika saa ambayo binti alianza kulia, na pembeni yake herufi za jina lake mwenyewe.